Asali Iliyowasha Koo: Miaka Yangu ya Kwanza Kasulu

Siku ya kuniaga, vijana wa kitengo cha habari za wakulima mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niseme maneno mawili. Nikasema maneno mawili, nikakaa. Baadaye mmoja wenu alinifuata nje akaniuliza jambo ambalo halikuwa la kujibiwa huku nimeshika sahani ya pilau: "Mama, hivi wewe ulianzaje?" Nimekaa nyumbani tangu mvua za kwanza, na nafasi ya kujibu ninayo. Vyeo mtavikuta kwenye jalada langu, kwa hiyo humu sitavigusa. Nitaeleza miaka ya sabini, nilipokuwa sijui kazi.

Mimi ni mtu wa ng'ambo ya mpaka. Nilizaliwa Burundi, nikasoma Bujumbura, na mwaka ule wa sabini na mbili nilikuwa msaidizi katika chumba cha mimea mikavu cha chuo. Kazi yangu ilikuwa kukausha majani, kuyashona kwenye karatasi ngumu na kuandika jina la Kilatini pembeni. Mwezi wa tano wenzangu walianza kuitwa kwa majina, mmoja mmoja, na walioitwa hawakurudi. Hapo sitaongeza kitu. Niliondoka na nguo za mwilini na lenzi ya mkononi iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Watu wakisikia habari hiyo hudhani niliichagua ile lenzi kuliko vitu vyote. Sikuchagua, nilisahau kuivua.

Asubuhi yangu ya kwanza upande wa Tanzania, karibu na Nyabibuye, nilikaa kando ya kichaka nikipumzisha miguu. Macho yalipotulia nikaona kijimea chenye ua la zambarau mbele ya goti langu. Nilikuwa nimekikausha chuoni wiki chache kabla. Sijui nilitegemea nini, labda kwamba ukivuka mpaka na majani yatakuwa mengine. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na hofu, lakini nakumbuka nilishika lenzi nikainama, kwa sababu nilitaka kujua kama vinyweleo vya shina lake vimelala au vimesimama. Vilikuwa vimesimama, sawa na vya kwetu.

Familia moja ya Waha ilinipokea, nikalima nao. Lugha zetu ni ndugu wa karibu, ila kila asubuhi niliposalimu "bwakeye" badala ya "mwakeye" yao, majirani wote walijua nilikotoka. Na majina ya mimea yalinichanganya kwelikweli. Mengi yalikuwa yale yale tuliyotumia nyumbani. Mengine yalikuwa yamehama kutoka mti mmoja kwenda mti mwingine, kama watu waliobadilishana nguo njiani. Nikawa nauliza kila jani. Mama mwenye nyumba alichoka. "Binti huyu," aliwaambia wenzake shambani, "anadai majina ya majani kama mtu wa kodi."

Hapo ndipo aliponikuta Bwana Mbwambo, bwana shamba wa wilaya. Alikuwa Mpare mwembamba, mpole wa sauti, asiyependa kurudia neno. Alikuja kuonyesha watu kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mahindi. Alipomaliza nilimuuliza, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, kama ni kweli mbegu zake hulala ardhini miaka mingi.

"Umeyasikia wapi hayo?"

"Bujumbura. Nilikuwa nafanya kazi ya mimea."

"Unaweza kuchora?"

Nilichukua kijiti nikachora mchangani mzizi wa kiduha ulivyoshika mzizi wa mhindi. Alizunguka mchoro ule mara moja. "Jumatatu njoo Kasulu," akasema. Kibali changu cha kukaa alikishughulikia mwenyewe, na alikishughulikia tena kila kilipokaribia kwisha, bila kunikumbusha kwamba anafanya hivyo.

Ofisi yake ilitoa gazeti la wakulima la karatasi moja, kurasa mbili, lililosambazwa vijijini kwa baiskeli na kwa malori ya chumvi. Nililetwa kulichorea picha. Siku ya kwanza niliharibu stensili zote zilizokuwa mezani. Stensili, kwa ninyi mliokuta kompyuta, ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unaichora kwa kalamu ya chuma, unaivika kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mpini, na wino unapita pale ulipochora. Ukikandamiza kidogo, picha haitoki. Ukizidisha, jani la muhogo linakuwa shimo. Bwana Mbwambo aliinua kazi yangu kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu ni ugonjwa gani wa muhogo?"

"Ni mkono wangu, Bwana."

"Basi hauambukizi," akasema, akaenda kutafuta stensili nyingine.

Kuchora nilijifunza. Kuandika ndiko kulikonitoa jasho, na aliyenifundisha hakuwa mtu wa ofisi yetu. Ni Mzee Selemani, mwenye duka la sabuni, chumvi na kanga pale mjini Kasulu. Wazee wake walitoka Pangani, wakapita Ujiji, na yeye alizaliwa kwenye Kiswahili kama samaki alivyozaliwa majini, wakati sisi wengine wote milimani tulikiazima. Bwana Mbwambo alinituma kwake na makala yangu ya kwanza, iliyohusu maua ya kahawa. Mzee aliisoma kwa sauti mbele ya wateja. Alipofika mstari wa tatu akasita.

"Chavua. Ndiyo nini, binti yangu?"

Nikamweleza kwamba ni neno jipya la kitaalamu kutoka Dar es Salaam, la lile vumbi la manjano la maua.

"Ni neno zuri. Lakini huyu mgeni hajawahi kufika Kasulu, na wewe umemwingiza ndani bila hodi. Mtambulishe kwanza. Sema, hili vumbi la manjano linaloshika vidole ukigusa ua, jina lake chavua. Baada ya hapo muite kwa jina lake siku zote, watu wameshamjua."

Nimeandika kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata somo lililo bora kuliko hilo. Mnalonililia ninyi, la kuandika sayansi kwa Kiswahili chepesi, dawa yake ni hiyo. Neno gumu halina kosa. Kosa ni kulileta bila kulitambulisha.

Miaka ile nilitembea sana. Nilikusanya mimea Kitanga na Titye, nikishuka mabondeni na kupanda vilimani, na mbao mbili za kukandamizia majani zikiwa mgongoni. Kama mnakusanya, badilisheni magazeti ya kukaushia kila siku, hata mkiwa mmechoka. Jani likishaota ukungu halikusikilizi tena. Na msiandike jina la mmea kwa kumwamini mtu mmoja. Muulizeni na jirani yake, hasa wakiwa hawaelewani. Gazeti letu watu walilisoma, kisha wakasokotea tumbaku. Jambo hilo lilimuumiza roho Bwana Mbwambo. Mimi lilinifurahisha, kwa kuwa wavutaji husoma kila kipande kabla hawajakiwasha.

Sasa nije kwenye ile asali.

Kiangazi kimoja, miaka michache baada ya watu kuhamishiwa vijiji vipya, zilikuja habari kutoka kijiji kimoja njia ya Kibondo. Sitakitaja, wajukuu wa waliohusika wapo na ni watu wazuri. Asali iliyouzwa pale ilikuwa na sumu. Watu waliokula waliungua koo, na bibi mmoja mzee alishindwa kumeza hata uji. Aliyeuza ni mjane wa kutoka Burundi, Domitila, aliyekuwa akiishi pale na familia nyingine chache za watu wa kwetu.

"Asali ni maua," Bwana Mbwambo aliniambia, "na maua ni kazi yako. Nenda ukaangalie. Usiahidi kitu."

Nilidandia lori la chumvi, nikashuka njia panda, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta Domitila amekaa nje ya ofisi ya kijiji, na watoto wake wawili, na mizigo imefungwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyelia. Katibu wa kijiji alinieleza mambo kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuamua. Ijumaa lori litakuja kuwachukua watu hawa wote, liwapeleke kwenye kambi kubwa za Tabora waliko wenzao. Mizinga yao imezuiliwa.

"Na wewe, bibi shamba, umetoka wapi?" akaniuliza.

"Kasulu."

"Kabla ya Kasulu."

"Ng'ambo."

"Naam," akasema, akafunga kalamu yake. "Kwa hiyo unaelewa kwamba tutahitaji maelezo ya mtu mwingine."

Mlalamikaji alikuwa balozi wa nyumba kumi, Bwana Ruhaga. Yule bibi aliyeshindwa kumeza ni mama yake. Nilitegemea kukutana na mtu mkali, nikakutana na mtu aliyekosa usingizi. Alinipeleka kwa mama yake, ambaye alikuwa ameanza kunywa uji, kisha yule balozi akaniambia polepole, "Nilidhani namzika. Huwezi kuniambia nisimwogope aliyemletea." Sikumwambia.

Niliomba ile asali nionje. Domitila aliniambia kwa Kirundi nisifanye hivyo, na katibu akatusimamisha tuseme Kiswahili. Nikachovya kidole. Ilikuwa tamu, ya rangi nzito, haikuwa na harufu ya ajabu. Nikawa nakaribia kusema haina kitu, ndipo ukali ulipoanza nyuma ya ulimi, ukashuka kama pilipili inayotembea. Nikaomba maji. Maji yakauzidisha maradufu, hadi machozi yakanitoka mbele ya watu.

Hapo ndipo hamu iliponishika, na nakiri ilikuwa kubwa kuliko huruma. Sumu gani inazidi kwa maji? Pilipili ya kutiwa ningeona mbegu au ningesikia harufu. Nilijua jamii moja ya mimea ambayo maziwa yake huchoma namna ile. Nikamuuliza Domitila mizinga yake iko wapi.

"Pale," akaonyesha kwa kidevu. "Mlimani kwenye mawe. Ndiko walikotugawia sisi. Kwingine kote kulikuwa na wenyewe."

Mlima wenyewe ulijaa minyaa. Siyo ile myembamba ya kuzungushia uzio, bali ile minene inayopanda juu na kujitawanya kama kinara cha taa, isiyo na majani, yenye maziwa meupe yanayoweza kumpofusha mtu. Kwa mbali ilionekana mikavu. Nilipofika chini ya mti wa kwanza nilisikia mlio, nikatazama juu, na kila ukingo wa kila tawi ulikuwa na vijiua vya manjano, vidogo kama kichwa cha kiberiti, vimefunikwa na nyuki. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikuwahi kuona nyuki wengi kiasi kile kwenye mnyaa. Nikajiuliza kwa nini wasiende kwenye miyombo na mitundu, miti iliyo bora kwa asali, na nilipogeuka kutazama bondeni nikapata jibu. Miyombo haikuwepo. Bonde lote lilikuwa limefyekwa kujenga kijiji na kufungua mashamba, visiki vya mwisho vilikuwa bado vyeupe.

Nilirudi Kasulu na maua ndani ya bahasha na asali ndani ya vichupa vya dawa ya sindano. Kama nyuki walichota kwenye mnyaa, chavua yake ingekuwa ndani ya asali. Shule moja ya sekondari ilikuwa na darubini ya kutazamia vitu vidogo, yenye kioo chini cha kupokea mwanga wa jua, na mwalimu wa sayansi alinikaribisha. Tatizo lilikuwa kuituliza chavua chini ya kichupa. Mashine ya kuzungusha hatukuwa nayo. Tukayeyusha asali kwa maji ya vuguvugu, tukaigeuza baiskeli ya mwalimu miguu juu, tukafunga vichupa kwenye spoki za gurudumu la nyuma, midomo ikielekea katikati, tukakanyagisha pedali kwa mikono. Kichupa kimoja kiliruka kikaenda kupasukia ukutani. Vingine vilitulia, na chini ya kila kimoja palikuwa na utando mwembamba wa manjano.

Niliweka kwanza chavua niliyoitoa mwenyewe kwenye ua la mnyaa, nikaichora: punje za mviringo mrefu, zenye mifereji mitatu kutoka ncha hadi ncha. Kisha nikaweka ya asali. Zilikuwa zile zile, zimejaa hadi nikakosa nafasi tupu ya kutazama. Nilishindwa kutoa jicho kwenye darubini, mwalimu akachora badala yangu.

Nilimpelekea Bwana Mbwambo michoro yote miwili. Aliitazama, kisha akaniuliza swali ambalo kila mtafiti angepaswa kuwa na mtu wa kumuuliza.

"Hii inaonyesha nyuki walikwenda wapi. Inaonyesha kwamba Domitila hakutia kitu?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana," nikasema. "Inaonyesha walikokwenda tu."

"Ungehitaji nini?"

"Asali ya mlima ule ule, kutoka mzinga wa mtu ambaye hakuna anayemshuku. Ikiwasha na hiyo, ni mti. Isipowasha..." Hakungoja nimalize. Alichukua ufunguo wa Landrova.

Tulifika kijijini siku moja kabla ya lori, asubuhi, na watu wakaitwa. Nilitega juani darubini tuliyoazima shuleni, nikaeleza vumbi la manjano linaloshika vidole, nikalitaja jina lake, na mmoja mmoja wakaja kutazama. Mtu anayetazama darubini mara ya kwanza huona kope zake mwenyewe. Bwana mmoja alitangaza kwamba asali imejaa miguu ya buibui. Ilichukua muda. Walioona punje walikubali kwamba zinafanana, kwa adabu, kama unavyokubali kwamba mtoto wa mgeni anafanana na baba yake. Katibu alisema hayo ya vioo ni ya wasomi.

Ndipo nikasema nilichohitaji. Nikauliza kama yupo mwenyeji yeyote mwenye mzinga karibu na ile minyaa. Watu wakatazamana. Mlima ule waliwaachia wageni kwa sababu hakuna aliyeutaka, nami nikaanza kufikiri safari yetu imeishia pale.

"Wangu upo," akasema Bwana Ruhaga.

Watu wakageuka kumtazama.

"Upo nyuma ya mlima, upande wa mto. Niliutundika mwaka juzi. Sijaurina." Alimtazama katibu. "Hakuna aliyeniuliza."

Mpaka leo namfikiria mtu yule. Angeweza kunyamaza. Lori lilikuwa linakuja kesho yake, na shauri lingekwisha kwa upande wake bila yeye kufungua mdomo. Nilimuuliza miaka mingi baadaye kwa nini alisema, akanijibu kwamba na yeye alitaka kujua.

Tulikwenda sote, katibu naye, na watu wengi nyuma. Bwana Ruhaga aliwasha mwenge wa nyasi mbichi, akapanda, akafukiza mzinga wake wa gome, akashusha masega mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Nilitaka nionje mimi, kwa kuwa nilishaujua ule ukali. Alikataa.

"Ni mzinga wangu," akasema, akauma sega.

Alitafuna. Akameza. Akasimama akituangalia, nasi tukimwangalia, na kwa kitambo hapakuwa na lolote usoni mwake. Nilimwona Domitila, aliyekuwa nyuma ya watu na mtoto mgongoni, amefumba macho. Kisha Bwana Ruhaga akashika shingo yake. Akakohoa, akainama, akanyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa na kibuyu cha maji.

"Usinywe maji, Balozi," Domitila alisema, akiwapita watu kuja mbele. "Maji yanauongeza ukali. Kaa chini. Meza mate tu, ngoja upite wenyewe."

Alikaa chini. Domitila alichutama karibu naye, akavunja kipande cha kiazi cha kuchemsha alichombebea mtoto, akampa. "Tafuna pole pole." Yule aliyekuwa na kibuyu hakujua akiweke wapi. Bwana Ruhaga alitafuna kiazi, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti iliyokwaruza, akimtazama katibu na si Domitila, "Ni ile ile. Ni ile ile aliyokula mama."

Hakukuwa na vigelegele. Watu waliteremka mlimani wakizungumza habari za nyuki. Lori lilikuja Ijumaa kama lilivyopangwa, na katibu, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza lori, alilipakia mahindi ya kijiji.

Ilibaki kuandika. Makala ya asali ndiyo makala ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, na ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kueleza mnyaa na chavua kulikuwa rahisi, kwa kuwa nilishafundishwa. Kueleza kwa nini asali ile iliwasha mwaka ule na si miaka ya nyuma ndiko kulikonikwamisha. Ukweli ulikuwa kwamba miti mizuri ilikatwa ili watu waliohamishwa wapate pa kukaa. Kuhamisha watu ilikuwa kazi ya serikali, na mimi nilikaa kwa kibali cha serikali. Kulinyamazia nako kungekuwa uongo, maana msomaji angefikiri mti umebadilika tabia.

Nilikwenda nayo dukani. Mzee Selemani alisoma, akapima chumvi ya mteja, akasoma tena.

"Unaogopa sentensi hii," akasema, akaweka kidole penyewe.

"Naiogopa, Mzee."

"Ni ndefu, ndiyo maana inatisha. Sentensi ndefu inaonekana kama inabishana na mtu. Unataka kusema nini hasa?"

"Kwamba nyuki hawakupenda mnyaa. Hawakuwa na kingine."

"Basi sema hivyo. Nyuki hula kilichobaki."

Niliandika: Pale miyombo ilipokatwa, nyuki hula kilichobaki. Bwana Mbwambo aliisoma akiwa amesimama. Alipofika hapo alikaa. Nilimwona anaisoma mara nyingine, kalamu mkononi, na nilikuwa tayari kuona ikifutwa. Alichofanya ni kuandika jina lake chini ya jina langu, ili atakayeuliza amuulize yeye kwanza. Hakuna aliyeuliza. Lakini kiangazi kilichofuata vijiji kadhaa vilituomba miche ya miti ya nyuki, na vingine vilikuwa havijawahi kutuandikia kitu.

Uthibitisho wa kemia ulikuja baadaye sana, kutoka maabara za mbali, kwamba asali ya minyaa ya aina ile huwasha kweli na kwamba maji huuzidisha muwasho. Niliusoma kwa furaha, ingawa haukuniambia jambo ambalo Bwana Ruhaga hakuwa amekwisha kulimeza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita kijijini kwao nikiwa natoka Kibondo. Domitila ni bibi sasa, ana mizinga mingi bondeni, na watoto wake ni raia na wafanyabiashara. Tulikaa uani kwake tukizungumza Kirundi bila kusimamishwa na mtu. Bwana Ruhaga alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Domitila alikuwa miongoni mwa waliompikia matanga. Nikamuuliza kitu nilichokuwa sijathubutu kumuuliza miaka yote ile: je, yule balozi aliwahi kumwomba radhi?

Alitikisa kichwa.

"Kwa maneno, hapana. Waha hawa nao, unawajua. Wiki moja baada ya ninyi kuondoka alikuja hapa asubuhi, akaweka mzinga mlangoni. Wa gome la myombo, mkubwa."

"Basi aliomba."

"Mzinga wenyewe ulikuwa umetoboka," akasema Domitila. "Huku nyuma, tundu la kupita mkono. Niliutazama nikacheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka. Nikauziba kwa tope na mavi ya ng'ombe, nikautundika bondeni." Aliinuka kwenda kutazama sufuria yake jikoni, akaniambia akiwa amenipa mgongo, "Nyuki wakaingia."